Kuvua kwa samaki wa plastiki ukiwa umesimama ufukweni: mwongozo kamili kwa anayeanza

Ndugu zangu, kila nikiwa pale miambani Kigamboni alfajiri na fimbo yangu lazima apite mtu aulize unavulia nini, nikimuonyesha kale kasamaki ka plastiki kenye ndoano mbili tumboni anashangaa, maana sisi huku pwani tumezoea ngisi, kamba, dagaa, kipande cha samaki. Nimeulizwa sana mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, kuanzia kununua mpaka kumtoa samaki wa kwanza. Naongelea vile vyambo bandia vigumu, vya plastiki au mbao, wengi wanaviita Rapala hata kama vimetengenezwa na kampuni nyingine, sio vile laini vya mpira, vile vina mambo yake.

Kabla ya yote shika hili moja. Chambo bandia hakina harufu wala ladha. Ngisi ukimtupa akakaa chini anafanya kazi peke yake hata wewe ukisinzia, samaki wa plastiki ukimuacha hivyo ni takataka tu, anakuwa samaki pale mkono wako unapomfanya awe samaki. Kwaiyo asilimia kubwa ya kujifunza ni mkono, sio duka.

Mimi hilo nilichelewa kulijua. Miezi minne ya kwanza nilikuwa na vyambo tisa, nabadilisha kila baada ya dakika kumi, nazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, bila kupumzika, sipati kitu. Siku moja nipo Pangani pale mto unapoingia baharini, kuna mzee mvuvi wa mshipi alikuwa ananiangalia muda mrefu, mwisho akaniambia, "Mwanangu, huyo samaki wako mbona hachoki?" Nikamwambia, "Sasa nifanyeje mzee wangu?" Akasema, "Msimamishe. Mgonjwa anasimama kupumzika, na anayeliwa kwanza ni mgonjwa." Nilianza kusimamisha siku ileile na wiki ile nikapata mzia wangu wa kwanza.

Baadae nikaja kujua kwamba hata hivi vyambo asili yake ni hilohilo. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa kawaida wa ziwani kule Finland, miaka ya 1930, na aligundua kwamba samaki mkubwa akivamia kundi la wadogo anamchagua yule anayeogelea vibaya, anayeyumba. Akakaa na kisu akachonga wa kwake kwa koki, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, juu akapaka filamu za picha alizoyeyusha ili maji yasiingie, na 1936 akawa amempata yule anayeyumba sawasawa. Yaani mzee wa Pangani na yule Mfini walifika palepale bila kujuana.

Ununue nini

Fimbo ya mita 2.4 hivi, mita 2.1 mpaka 2.7 zote sawa, angalia maandishi juu ya mpini, iwe inarusha gramu 10 hadi 40. Ndefu kuliko hapo mkono unachoka, na hii kazi unarusha mara mia na zaidi kwa asubuhi moja. Rili ile ya kuzungusha pembeni, saizi 4000, na kama hela ni ya kuchagua bora fimbo ya kawaida na rili nzuri kuliko kinyume chake, kwa sababu chumvi inaua rili za bei rahisi haraka sana. Uzi mkuu tumia ule wa kusuka, wa nguvu ya kilo 10 mpaka 15, mita 200. Ni mwembamba, unaruka mbali, na hauvutiki, kwaiyo ukitikisa fimbo kidogo tu chambo kule mbali kinatikisika palepale. Nailoni inavutika, unatikisa huku kule haifiki. Lakini ule wa kusuka unakatika kirahisi ukisugua jiwe, ndio maana mbele unaunganisha nailoni ya kilo 20 hivi, mita moja au moja na nusu. Na kama sehemu ina mzia au nguru, ongeza waya mwembamba sentimita 15 tu, meno yao yanakata nailoni kama wembe. Waya mrefu sana unaharibu mwendo wa chambo.

Sasa vyambo. Nunua vitatu tu. Ndio, vitatu.

Cha kwanza ni yule samaki mwembamba anayeelea, urefu sentimita 9 mpaka 12, mwenye ulimi wa plastiki chini ya mdomo. Ulimi mfupi unampeleka chini kama nusu mita au mita, ulimi mrefu anazama zaidi. Wewe chukua wa ulimi mfupi, maana kwenye miamba yetu wa ulimi mrefu atanasa siku ya kwanza. Cha pili ni popa, hana ulimi, mdomo wake ni kama kikombe, ukimvuta anatema maji juu na kutoa mlio. Cha tatu ni anayezama, hana ulimi, mzito kidogo, huyu ni wa siku za upepo na maji marefu. Rangi usiumize kichwa: maji meupe chagua ya fedha mgongo wa bluu au kijani, anafanana na dagaa na chuchunge, maji yenye tope au giza la alfajiri chagua ya kuonekana, njano, machungwa, au nyeusi kabisa. Nimeona watu wanabishana rangi nusu saa wakati uzi wao umefungwa vibaya.

Halafu vya bei rahisi mara nyingi mwili wake hauna shida, shida ni ndoano na zile pete ndogo zinazoshika ndoano, kolekole wa kilo tatu anazinyoosha. Nunua ndoano imara za saizi ileile ubadilishe, usiweke kubwa zaidi, uzito ukiongezeka anayeelea anaanza kuzama na kuyumba kunapotea. Ongeza plaizi ya mdomo mrefu, miwani, viatu vya kufunga na kofia. Miwani na viatu sio urembo, nitaeleza kwanini.

Fundo mbili zinatosha

Kuunganisha uzi wa kusuka na nailoni: laza nyuzi mbili sambamba zipishane sentimita 20 hivi. Ncha ya ule wa kusuka irudishe nyuma ufanye duara juu ya nyuzi zote mbili, izungushe ndani ya duara mara nane, vuta taratibu ikaze. Geuza upande wa pili, ncha ya nailoni fanya hivyohivyo lakini mara nne tu. Lowanisha kwa mate, kisha vuta nyuzi kuu mbili, mafundo yataserereka mpaka yakutane. Kata ncha fupi kabisa ili zipite kwenye pete za fimbo. Usipolowanisha nailoni inaungua kwa msuguano na hutajua mpaka samaki aondoke na kila kitu.

Kufunga chambo kwenye nailoni usikaze fundo puani kwake. Inabidi kiwe na kitanzi ili kicheze huru. Fanya hivi: kwenye nailoni, sentimita 15 kutoka nchani, piga fundo la kawaida ila usilikaze, liwe na tundu. Pitisha ncha kwenye pete ya puani kwa chambo, irudishe ipite kwenye lile tundu kwa upande uleule iliotokea, izungushe mara nne kwenye uzi mkuu, irudishe tena ndani ya tundu. Lowanisha, vuta. Unapata kitanzi kidogo kisichobana. Fanya nyumbani mara ishirini umekaa kwenye kiti, usisubiri ufike mwambani na upepo unakupiga.

Breki ya rili iweke robo ya nguvu ya uzi, yaani uzi wa kilo 12 rili ianze kuachia kwenye kilo 3. Tumia ule mzani wa kuning'iniza, funga uzi, vuta kwa fimbo ikiwa imeinuliwa. Wanaoanza wengi wanabana mpaka mwisho wakiamini samaki hatatoroka, kumbe ndio wanamkatia uzi wenyewe.

Siku ya kwanza usivue

Nasema kweli kabisa. Nenda sehemu yenye maji ya kiunoni, meupe, mchanga chini, watu hamna. Rusha mita tano tu na umtazame chambo anavyoenda. Vuta polepole sana, ona kuna mwendo ambao hayumbi kabisa, ongeza kidogo, ghafla anaanza kutikisa mkia, na kwenye fimbo unasikia mtetemo kama simu iliyowekwa kimya inaita mfukoni. Huo mtetemo ukariri kwa mkono, kwa sababu ukiwa unarusha mbali hutomuona, mkono ndio utakuambia anafanya kazi au amebeba jani la mwani. Ukizidisha kasi sana atalala ubavu na kuruka nje, hapo umejua mwisho wake. Simamisha, ona anavyopanda taratibu pua juu. Tikisa fimbo kidogo, ona anavyogeuka kuonyesha ubavu. Kaa nae saa nzima.

Kama anaenda upande mmoja badala ya kunyooka, mgeuze pua ikutazame, kisha kwa plaizi pinda ile pete ya puani upande wa pili, kidogo mno, jaribu tena. Anakimbilia kushoto kwako, pinda kuelekea kulia kwako. Wengi wanamtupa wakisema ni feki kumbe ni kupinda tu.

Kurusha: chambo kining'inie nusu mita chini ya ncha ya fimbo, shika uzi kwa kidole cha shahada, fungua ule upinde wa waya wa rili, ANGALIA NYUMA, kisha peleka fimbo mbele na uachie kidole ikifika kama inaelekeza juu ya upeo wa macho. Kikienda juu sana umeachia mapema, kikigonga maji mbele yako umechelewa. Kikitua funga upinde kwa mkono, sio kwa kuzungusha, alafu nyoosha uzi kabla hujaanza kuvuta. Usipofanya hivyo uzi wa kusuka unaingia umelegea na mrusho unaofuata unatoka furushi ambalo utalikata kwa kisu.

Wapi na saa ngapi

Hapa ndio penye utajiri, na sisi watu wa pwani tayari tunajua nusu yake bila kujua kama tunajua. Samaki mwindaji anafuata maji yanayotembea. Maji yakisimama, iwe yamejaa au yamekauka, naye anapumzika, nawe kunywa chai yako. Bamvua, yale maji ya kujaa sana na kukauka sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo kwa Dar, Zanzibar mpaka Mombasa maji yanajaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukauka kwenye saa 4, kwaiyo kukipambazuka saa 12 maji yanatoka kwa nguvu. Simama kwenye mdomo wa mto au hori yenye mikoko. Wale wadogo waliokuwa wamejificha kwenye mizizi maji yanawatoa nje kwa lazima, na kolekole, mzia na chewa wanawasubiri pale mlangoni. Rusha kuelekea ndani, juu ya mkondo, uvute chambo kikishuka na maji kama wenzie wanavyoshuka. Ukivuta kupandisha mkondo unamfanya samaki mdogo mgonjwa apande maji makali, haiaminiki.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwaiyo ikifika maji mafu, wiki moja baadae, mambo yamegeuka, alfajiri maji yanapanda. Hapo mimi napendelea miamba na ukingo wa matumbawe, wadogo wanasogea juu ya mwamba kula na wakubwa wanawafuata nyuma. Maji mafu nguvu yake ndogo lakini ndio siku salama kwa anayeanza. Na mwaka mzima haulingani: kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, nje bahari ni chafu na kali, baki mahorini. Matlai Oktoba na Novemba, ndio msimu wangu, bahari imelala, maji meupe. Kaskazi nayo nzuri asubuhi kabla upepo haujaamka.

Saa za kuvua ni saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 2, na jioni saa 11 mpaka giza. Ukiona chuchunge wanaruka juu kwa pamoja au ndege wanapiga mbizi sehemu moja, acha kila kitu rusha pale, ila sio katikati yao, pitiliza mbele kidogo alafu uvute kupita pembeni, yule aliyejitenga ndie anayeliwa.

Kuvuta

Yule wa ulimi: vuta mizunguko minne mitano ya kawaida, simama, hesabu moja mbili, tikisa kidogo, endelea. Badilisha mpangilio mpaka mmoja ujibu, kisha ushike huohuo. Wengi wanauma pale anaposimama au sekunde ile anapoanza tena, kwaiyo usilegeze uzi kabisa wakati wa kusimama. Chewa anapenda taratibu na karibu na jiwe. Mzia yeye anafuata mpaka miguuni kwako anaangalia tu, hapo usisimame, ongeza kasi ghafla kama anayekimbia roho yake, atashindwa kuvumilia. Kolekole pia ni wa kasi.

Popa: ncha ya fimbo chini, vuta kwa nguvu mara moja ateme maji, zungusha rili ule uzi uliolegea, subiri sekunde mbili tatu, rudia. Samaki akilipuka juu ya maji usivute fimbo kwa mshtuko! Mara nyingi anakosa mara ya kwanza, wewe ukivuta unamnyang'anya. Endelea kama hujaona kitu, ukisikia uzito mkononi ndio unakaza. Hili linahitaji moyo, mimi mpaka leo linanishinda siku nyingine.

Akishika inua fimbo, acha breki ifanye kazi, akikimbia mwache usizungushe rili, akisimama wewe unapata. Kolekole atatafuta jiwe, laza fimbo upande wa pili umgeuze kichwa. Usimnyanyue kwa uzi, subiri wimbi limpandishe ndio umburute juu.

Chambo kikinasa usivute kwa fimbo utaivunja. Kwa anayeelea legeza uzi kabisa usubiri, mara nyingi anajitoa mwenyewe kwa kupanda juu. Haikukubali, tembea upande mwingine upige uzi kidogokidogo. Ikishindikana elekeza fimbo kwenye chambo, zungushia uzi kwenye kitambaa, sio kiganja kitupu, uvute moja kwa moja, uso umegeuza pembeni kwa sababu kikiachia kinakuja kama risasi. Ndio miwani hiyo niliyosema.

Tahadhari ambazo sitaki uruke

Ndoano za pembe tatu na samaki anayejirusha, mkono wako katikati, ndio ajali kubwa ya hii kazi. Nilishaingiwa kwenye kidole gumba na mzia mdogo bado yupo upande wa pili wa chambo, sitasahau maumivu yale. Toka siku ile naminya kijino cha kila ndoano kwa plaizi kikalala, samaki nawapoteza wachache mno na ndoano inatoka kirahisi kwao na kwangu. Shika samaki kwa kitambaa, toa ndoano kwa plaizi tu. Kolekole ana magamba makali pembeni ya mkia, usimshike hapo mkono mtupu. Bunju naye anapenda sana hivi vyambo, mwili wake ana sumu inayoua, mtoe kwa plaizi umrudishe majini, usimpe paka wala mtu.

Viatu ni kwa sababu ya miamba inayokata, mawe yenye samaki wa miiba ya sumu, na taa anayejifukia mchangani, ukitembea majini buruza miguu usinyanyue ili akusikie aondoke. Usiende peke yako, na siku za bamvua maji yanapanda karibu mita nne, ule mwamba uliotembea mkavu asubuhi unageuka kisiwa, jua mapema njia ya kurudi na muda wake.

Na uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya yako habari ya leseni kabla hujaanza. Kuna sehemu hairuhusiwi kuvua, kwa Dar visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa toka 1975, na ndugu zetu Kenya, hifadhi za Malindi na Watamu toka 1968. Mdogo mrudishe, akikua utakutana nae tena.

Nyumbani

Usiku huohuo, hata umechoka vipi, vyambo vyote ulivyotoa mkobani hata ambavyo hukutumia vitumbukize kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba dakika kumi, anika kivulini kimoja kimoja, usivirudishe boksini vikiwa na unyevu maana ndoano moja yenye kutu inaambukiza zote. Rili kaza breki kwanza maji yasiingie, imwagie maji kwa kunyunyiza tu usiizamishe, futa, kisha legeza breki ilale hivyo. Uzi wa nailoni pitisha kati ya vidole, ukisikia umekwaruzika kata kipande hicho ufunge upya. Mwisho chukua kila ndoano uipitishe juu ya ukucha bila kukandamiza, ikiserereka butu, inolewe au ibadilishwe kabla ya kesho saa 11, ikikwama papo hapo iko tayari.